Nyimbo za Maher Zain na Kisimamo cha Majumbani Mwetu



Imekuwa ada siku hizi mzazi kumsimamisha mwalimu nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri akamwuliza: "Sheikh, hizi nyimbo za Maher Zain tuwaachie watoto wazisikize au tuwakataze?" Muulizaji hutaka neno moja, ndiyo au la, kwani ana haraka ya kurudi dukani. Lakini neno moja halitoshi hapa. Nyimbo hizi zimeingia majumbani mwetu kwa mlango ambao waimbaji wengine wa Magharibi hawakuupata. Hakuna baba aliyemfungulia Michael Jackson mlango kwa bismillahi, huyu tumemfungulia, kwa kuwa amekuja na jina la Mwenyezi Mungu na jina la Mtume wake (S.A.W.) mdomoni. Mgeni aliyeingia kwa majina hayo anastahiki kutazamwa kwa uadilifu, yatajwe mazuri yake na zitajwe kasoro zake, wala asipewe radhi yetu yote kwa kuwa tu ni ndugu yetu katika Uislamu.

Maher Zain alizaliwa Tripoli, ile ya Lebanon si ya Libya, mwaka 1981. Alipokuwa na umri wa miaka minane wazee wake walihamia Sweden, na huko akasoma uhandisi wa ndege, ingawa moyo wake ulikuwa katika muziki. Akafanya kazi na RedOne, mtengenezaji wa nyimbo mwenye asili ya Morocco, na mwaka 2006 akaenda New York kuendelea naye. RedOne huyu ndiye aliyetengeneza nyimbo za Lady Gaga zilizoenea ulimwengu mzima kuanzia mwaka 2008. Basi ujue, ndugu msomaji, kwamba mwimbaji wetu alijifunza ufundi wake katika karakana ile ile ziliko tengenezwa nyimbo ambazo wewe huzima redio zikianza. Halafu akarudi Sweden, akarudi msikitini, na mwaka 2009 akaingia katika kampuni ya Awakening ya Uingereza. Albamu yake ya kwanza, "Thank You Allah", ilitoka Novemba mwaka huo.

Hakuwa wa kwanza katika njia hii. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kumtoa Sami Yusuf, mzaliwa wa Tehran aliyelelewa London, kwa albamu ya "Al-Mu'allim" mwaka 2003. Wengi wenu mnaikumbuka video yake iliyopigwa Misri: kijana mpiga picha, amevaa vizuri, nyumba yake safi, mama yake mzee anamheshimu, kisha anakwenda jangwani usiku na kamera yake. Kabla ya video ile, mtu akitaja kaswida sisi tulikuwa tukiona akilini mwetu wazee wenye vilemba wameketi juu ya busati. Baada yake, watoto wetu wakaona uso wa kijana mmoja. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa, nami nitayarudia.

Suala la ala za muziki sitalikalia. Wanazuoni wamelumbana juu yake karne nyingi: wako walioishika Hadithi ya ma'azif iliyomo katika Sahihi ya Bukhari wakaharamisha kila chenye uzi na cha kupuliza, wakabakisha dufu, na wako waliolegeza, wakatazama maneno na makusudio. Kampuni ya mwimbaji huyu yenyewe yaijua khitilafu hiyo, ndiyo maana nyimbo zake nyingi zimetolewa mara mbili, mara kwa ala na mara kwa sauti tupu. Mwenye kushika kauli kali na achukue zile za sauti tupu. Tena sisi watu wa mwambao mjadala huu tumekwisha kuuonja. Habib Saleh wa Lamu alipoyasimamisha maulidi ya al-Habshi pamoja na matari, walikuwako waliomlaumu kwa kuingiza ngoma katika ibada. Na leo watu husafiri kutoka miji yote ya pwani kwenda Riyadha katika Mfungo Sita ili wayasikie matari hayo hayo. Kwa hiyo hata nikimvua Maher Zain kinanda chake chote, jambo ninalotaka kulionesha litabaki pale pale.

Tuzitazame nyimbo zenyewe. Ule unaoitwa "Insha Allah" ndio uliomjulisha kwa watu, na ni wimbo mzuri. Unamsemesha mtu aliyezama katika makosa hata akadhani amechelewa mno kurejea, na unamwambia kuwa Mola wake yuko karibu naye na kwamba atapata njia. Mimi nimeupenda kwanza kwa kulirudishia hadhi neno lenyewe. Kwetu inshallah imechakaa: fundi huitumia akimaanisha kuwa hatakuja, na mdeni huitumia akimaanisha kuwa hatalipa. Mwimbaji amelitoa huko sokoni akalirudisha kwenye matumaini ya mja kwa Muumba wake. Hata hivyo mwenye kuusikiza kwa makini ataona kuna kitu hakimo. Toba ina masharti, na kila mwanafunzi wa chuoni anayajua: kuliacha dhambi, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe. Katika wimbo huu umo mlango wazi, na ahadi ya kupokewa, lakini hamna deni la kulipwa. Imamu Ghazali ameviweka khofu na matumaini katika kitabu kimoja cha Ihyaa, kwa kuwa moja bila ya jingine humpoteza mtu. Nyimbo za namna hii huchukua matumaini peke yake, kwani khofu haiimbiki vizuri kwa mahadhi yale.

Wako watakaosema kuwa wimbo si darsa. Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu sana. Lakini tusisahau kwamba kwa kijana ambaye hahudhurii darsa yoyote, wimbo ndiyo darsa yake.

Video ya "The Chosen One", yaani Mteule, yataka kuangaliwa zaidi. Wimbo unamsifu Mtume (S.A.W.) kwa upole na tabia njema, na katika picha mwimbaji ni mtu wa leo anayekaa na jirani mkorofi, jirani anamwagia taka mlangoni, naye anavumilia, na jirani anapougua anakwenda kumtazama. Kuna adabu kubwa hapa ambayo lazima itajwe: hakuna aliyethubutu kuuonesha uso wa Mtume wala kumwigiza; ameoneshwa mfuasi akiiga tabia, basi. Watengenezaji wengi wa filamu wangefaa kuiga adabu hiyo. Ila kile kisa cha jirani mwenye kumwaga taka katika njia ya Mtume, ambacho video hii imekijenga upya na ambacho hata wahadhiri wetu hukikariri juu ya mimbari, hakina sanadi ya kutegemewa katika vitabu vya Hadithi. Kilichothibiti kimo katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Anas: kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume aliugua, Mtume akenda kumzuru, akaketi kichwani pake, akamlingania Uislamu. Kijana akamtazama baba yake. Baba akamwambia amtii Abul-Qasim, na kijana akasilimu.

Vitie visa viwili hivi katika mizani, ndugu msomaji. Kile cha taka ni chepesi: mbaya anatenda ubaya, mwema anatenda wema, na mtazamaji anajiona yeye ndiye mwema. Kile cha Bukhari kina mtoto mgonjwa anayemtazama babake kabla ya kujibu, na kina baba wa dini nyingine ambaye anamwachia mwanawe aende. Msanii mwenye kamera hapati kisa bora kuliko hicho hata akitafuta mwaka mzima, na kilikuwa wazi katika kitabu, nacho ni kweli. Kasoro hii si ya Maher Zain peke yake. Ni yetu sote tuliokirithi kisa bila ya kuuliza kimetoka wapi, lakini wimbo umekipeleka mbali kuliko mimbari zetu zote zikijumuishwa.

Ule wa "Palestine Will Be Free" una video ya katuni, binti mdogo mbele ya kifaru, nao unasema unalosema. Baada ya yaliyopita Gaza tangu Oktoba 2023 sioni la kuongeza juu yake. Ule wa mume kumsifu mkewe, "For the Rest of My Life", nitasema tu kwamba umefanya kazi ambayo sisi waume wa pwani tumeiwacha. Wako miongoni mwetu ambao neno lao la mwisho la upole kwa mke lilikuwa siku ya kulipa mahari. Na uko mmoja uitwao "Awaken", ambao kwa hukumu yangu ndio wenye maneno mazito kuliko yote katika albamu ile. Ndani yake Waislamu tunakemewa kwa kupenda majumba marefu na anasa. Huo bado sijausikia ukipigwa harusini.

Sasa tuje kwenye hesabu. Albamu ya "Thank You Allah" iliuzwa Malaysia kuliko albamu nyingine yoyote katika mwaka 2010, na mwaka huo huo, miongoni mwa watu mashuhuri, jina lake ndilo Wamalaysia walilolitafuta zaidi katika Google. Januari ya mwaka huo wimbo wake "Ya Nabi Salam Alayka" ulishinda kuwa wimbo bora wa dini katika redio ya Nogoum FM ya Misri, mbele ya waimbaji wakubwa wa Kiarabu. Vijana wetu huzitaja khabari hizi kwa fahari, kana kwamba Uislamu umeshinda mechi. Kuuza si dhambi. Mwambao umeuza nyimbo zamani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na santuri zile zikanunuliwa pwani nzima. Lakini aliyenunua santuri ya Siti alijua kuwa amenunua tarabu. Anayebonyeza wimbo wa salamu za Mtume amenunua nini? Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

"Ya Nabi Salam Alayka" hatukufundishwa na Maher Zain. Ni maneno ya kisimamo. Katika maulidi ya Barzanji, msomaji afikapo pa kuzaliwa Mtume, nyumba nzima huinuka. Mzee mwenye mkongojo huinuliwa na mjukuu wake. Ubani unazungushwa, mrashi unapita mkono hata mkono, na kila mtu, mwenye sauti na asiye na sauti, anaitikia. Upande wa pili wa pazia akina mama wanaitikia vile vile. (Wako ndugu zetu wasioyakubali maulidi, na hoja zao zinajulikana, sizungumzii hukumu yake hapa, nazungumzia maneno hayo yanavyosemwa na wale wanaoyasema.) Hapana mwimbaji katika kisimamo. Yuko mwenye kuongoza, na akikohoa mwingine huchukua. Ukiuliza kesho yake ni nani aliyeimba, utaambiwa: sisi.

Maher Zain ameyachukua maneno hayo akayaimba kwa sauti ambayo, haki isemwe, ni nzuri, na matamshi yake ya Kiarabu ni safi. Mimi nimeusikiza wimbo wote. Mahadhi yake yamejengwa kwa ustadi wa karakana aliyotoka: beti inatembea chini, kiitikio kinapanda, na kila kinapopanda moyo unapanda nacho. Lakini katika kazi hii kiitikio anakiitikia yeye mwenyewe, pamoja na sauti zilizorekodiwa nyuma yake. Nafasi ya wewe kuitikia imekwisha kujazwa. Na ndivyo zilivyo karibu video zote za aina hii tangu ile ya mpiga picha wa Misri: uso ni mmoja, na sisi wengine ni macho.

Wazee wa tasawwuf walilifikiria jambo hili kabla hapajakuwa na umeme. Ghazali amenukuu katika Ihyaa, kwenye mlango wa adabu za kusikiza, kauli ya Junaid kwamba kusikiza kunahitaji mambo matatu: wakati, mahali, na wenzi. Akaeleza kwamba kusikiza wakati moyo umeshughulika, au mahali pa kupita watu, au pamoja na asiyestahiki, hakuna faida. Sasa pima simu kwa kipimo hicho. Wakati wake ni wakati wowote. Mahali pake ni popote. Na wenzi hapana, kwani kila mmoja ana waya zake masikioni. Yote matatu yameondoka kwa mpigo, na kilichobaki ni sauti nzuri ya mtu aliye mbali. Wimbo ni ule ule, maneno ni yale yale, na kusikiza kumekuwa kitu kingine.

Na matokeo yake si ya kinadharia. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) amemwita bakhili yule ambaye yeye anatajwa mbele yake naye asimsalie. Imepokewa pia kwamba anayemsalia mara moja, Mwenyezi Mungu humrehemu mara kumi. Nenda katika duka lolote la nguo mjini likipiga nyimbo hizi kutwa. Jina la Mtume latajwa mara mia kabla ya adhuhuri. Mwenye duka anapima kitambaa, mteja anapunguza bei, mtoto anachezea kufuli, na hakuna ulimi unaotikisika. Orodha za nyimbo zinahesabu mara ngapi wimbo umepigwa. Hadithi inahesabu mara ngapi wewe umesema. Duka lile limechangia katika hesabu ya kwanza, na katika ya pili limetoka mikono mitupu, tena likiwa na watu wengi waliostahiki jina la bakhili bila ya wao kukusudia.

Sisemi simu izimwe. Nasema mwenye kuusikiza wimbo huu na aufanyie adabu yake: autulize moyo, aitikie kwa ulimi wake, na akiwa na watu wa nyumbani waitikie pamoja. Ukiwa huna nafasi ya kuitikia, piga kitu kingine, au nyamaza na upime kitambaa chako.

Vikundi vyetu vya kaswida navyo vimeingia katika mkondo huu. Zamani kaswida ya madrasa ilikuwa watoto arobaini wamejipanga, na aliyepotea sauti alifunikwa na wenzake. Leo kikundi kinachagua kijana mwenye uso mzuri, kinampiga picha ufukweni, na wale thelathini na tisa hawaonekani tena. Mahadhi yanaigwa ya Maher Zain, ila lile alilo nalo Maher Zain kwa kuzaliwa Mwarabu, yaani herufi, haliigwi. Nimesikia 'ayn ya "alayka" ikigeuka alif kavu, na irabu fupi ikivutwa kadiri kinanda kinavyotaka. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kuvuta pasipo na madi kwa ajili ya mahadhi hawezi kumkemea mwanafunzi huyo huyo akifanya hivyo katika Sura ya Yaasin.

Na linaloniuma kuliko yote ni la harusini. Katika albamu ile ya kwanza umo wimbo "Baraka Allahu Lakuma". Maneno yake ya msingi yanatokana na dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) ya kuwaombea maharusi. Siku hizi bwana harusi akiingia ukumbini, mpiga muziki huuweka wimbo huu, spika hutikisa viti, na wageni mia tatu huinua simu zao juu kupiga picha. Wimbo unakwisha, watu wanakaa, biriani inaletwa. Katika watu wale mia tatu ni wangapi waliowaombea maharusi? Dua imesomwa, ndiyo, lakini imesomwa na mtu aliyetia sauti yake katika mashine miaka mingi iliyopita, asiyemjua bwana harusi wala bibi harusi, na ambaye huenda wakati ule yumo usingizini nchini kwake. Nyanya ya bibi harusi, ambaye dua yake ingeliweza kupasua mbingu, amekaa kwenye kona na vidole masikioni kwa ukali wa spika.

Dua ile ni fupi. Mtoto wa chuoni huihifadhi kwa asubuhi moja. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiisema mwenyewe kumwambia mtu aliyeoa, uso kwa uso. Wenye kuandaa harusi katika mwezi huu wanaweza kumwambia mpiga muziki azime kwa dakika tano, wageni wapite mmoja mmoja mbele ya maharusi waiseme, na nyanya aanze.